Kutu Katika Breki: Grisi Ipi, Ipakwe Wapi, Isipakwe Wapi

Injini ikizimika njiani, abiria hushuka wakasukuma. Breki zikikataa, hakuna muda wa kushuka. Kwa sababu hiyo, katika ukurasa huu tumeona vema kueleza jambo dogo la ufundi ambalo wengi hulipuuza kwa kuwa halionekani kwa macho: namna kutu inavyozifunga breki za magari, bajaji na pikipiki zetu, na namna ya kuizuia kwa kutumia grisi maalumu ambayo mafundi na wauza vipuri huiita antisizi. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mwenye gari, dereva, kijana wa bodaboda, na pia abiria asiyemiliki hata baiskeli, maana yeye ndiye anayeketi nyuma akiwa hana usukani wala breki.

Kutu na mazingira yetu

Chuma hupata kutu pale kinapokutana na maji na hewa kwa pamoja. Chumvi yenyewe haizai kutu, bali huyafanya maji yawe na uwezo mkubwa zaidi wa kukila chuma, hivyo kazi ambayo mvua ya kawaida ingeifanya kwa muda mrefu, maji ya chumvi huimaliza mapema. Katika nchi za baridi kama Kanada, Uingereza na sehemu za kaskazini mwa Marekani, chumvi humwagwa barabarani wakati wa majira ya baridi ili kuyeyusha barafu, na ndiyo maana mafundi wa huko walilazimika kuizoea antisizi. Sisi hatuna barafu, lakini tuna bahari.

Huenda mkazi wa Njinjo akauliza: bahari iko mbali nasi, chumvi inatufikiaje? Jibu liko katika safari zetu wenyewe. Gari linalolala Njinjo leo, jana lilikuwa Nangurukuru, na juzi lilikuwa Kilwa Masoko au Kivinje, ambako upepo wa bahari huacha unyevu wenye chumvi juu ya kila chuma kilicho wazi. Wapo wanaopakia magunia ya chumvi kutoka katika mashamba ya chumvi ya pwani. Wapo vijana wanaoleta samaki kutoka Somanga au Kivinje kwa pikipiki, ndoo zikiwa zimefungwa nyuma, na maji ya samaki yakidondoka safari nzima juu ya gurudumu la nyuma, yaani juu ya breki ileile inayotegemewa zaidi kuisimamisha pikipiki yenye mzigo. Maji hayo yana chumvi, na yakikauka huiacha chumvi hiyo mahali pake ikisubiri unyevu wa usiku.

Kisha kuna maji yetu wenyewe. Barabara ya Nangurukuru kwenda Liwale wakati wa masika si ngeni kwa yeyote anayesoma ukurasa huu. Wilaya yetu ilipata mafuriko makubwa Januari 2020, na Mei 2024 mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya kusini katika eneo la Somanga. Lakini hata mwaka usio na mafuriko, magari hupita katika madimbwi na vijito, na matope hujikusanya nyuma ya rimu. Matope hayo yakionekana kukauka kwa nje, ndani bado yana maji. Ni kama kulivika gurudumu kitambaa kibichi kwa wiki nzima.

Tuongeze jambo moja kuhusu asili ya magari yetu. Magari mengi tunayoyatumia yaliwahi kutumika Japani kabla ya kufika hapa. Yale yaliyotoka mikoa yake ya kaskazini yenye theluji, ambako pia barabara humwagiwa chumvi, huenda yakafika yakiwa tayari yameanza kutu chini. Mnunuzi anayetazama rangi ya bodi na viti bila kuinama kutazama nyuma ya magurudumu ananunua nusu ya taarifa.

Kutu inavyofunga breki

Ili kuelewa kinga, yatupasa kwanza kuelewa breki yenyewe. Magari mengi madogo yana breki za diski mbele. Diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Pembeni yake hukaa kalipa, na ndani ya kalipa kuna pedi mbili zinazoibana diski kutoka pande zote mbili dereva anapokanyaga. Katika magari yetu mengi kalipa haikufungwa kwa kukazwa moja kwa moja. Huteleza juu ya pini mbili, ikienda na kurudi kiasi kidogo sana. Pedi nazo huteleza katika mifereji iliyo kwenye fremu inayoishikilia kalipa. Dereva akiachia kanyagio, kila kitu hulegea kidogo na diski hubaki huru.

Neno la kushika hapo ni kuteleza. Breki si kitu cha kubana tu. Ni kitu cha kubana na kuachia, na kutu huanza kwa kuharibu huko kuachia. Hapa ndipo wengi hukosea wanapoifikiria kutu. Hudhani kwamba kutu hupunguza chuma, kwa hiyo kitu chenye kutu kitalegea. Kinyume chake, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Mfereji ambao pedi ilikuwa ikipita kwa nafasi ya kutosha hujaa maganda ya kutu, na pedi hubanwa humo kama kabati lililovimba kwa unyevu lisivyofungika tena.

Pedi ikishabanwa, mambo mawili huweza kutokea. La kwanza ni kwamba haifiki vizuri kwenye diski, hivyo breki ya gurudumu hilo huwa dhaifu na gari huvutwa upande mmoja dereva anapofunga breki. La pili, na ndilo baya zaidi, ni kwamba pedi inafika kwenye diski lakini hairudi. Gari huendelea kwenda huku gurudumu moja likiwa limefungwa nusu. Mafuta ya injini huliwa zaidi bila sababu inayoonekana, pedi ya upande mmoja huisha wakati ya upande wa pili bado nene, na joto huongezeka.

Joto hilo ndilo linalounganisha kutu na ajali. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani kadiri miaka inavyopita. Mafuta ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kipimo cha chini kinachokubalika kwa daraja hilo hushuka hadi nyuzi 140. Breki iliyokwama inaweza kuyafikisha mafuta hayo katika kuchemka. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea kirahisi tofauti na maji au mafuta, kwa hiyo dereva hukanyaga na kanyagio huzama hadi chini bila gari kupunguza mwendo. Kisa kilichoanza kwa kutu katika mfereji wa upana wa kidole huishia hapo.

Breki za dramu, zinazopatikana nyuma ya magari mengi na katika pikipiki, hukwama kwa njia yake. Ndani ya dramu kuna viatu vya breki, ambavyo mafundi wengi huviita brekishuu, vinavyotanuka na kugusa dramu kwa ndani. Viatu hivyo hukwaruza bamba la nyuma katika sehemu chache zilizoinuka. Sehemu hizo zikila kutu huchimbika, na kiatu hunasa katika kishimo. Iko pia skrubu ya kurekebishia viatu kadiri vinavyoisha. Ikiganda kwa kutu, viatu huzidi kukaa mbali na dramu, kanyagio hushuka chini zaidi kila mwezi, na dereva huizoea hali hiyo bila kujua kwamba anazoea hatari.

Antisizi ni kitu gani

Wazee wetu wa pwani hawakuhitaji kufundishwa kwamba chombo kinachokutana na bahari lazima kipakwe kitu. Mafundi wa majahazi walipaka sifa juu ya mbao na shahamu chini ya maji, na kila kimoja kilikuwa na mahali pake. Hakuna nahodha aliyeamuru vipakwe ovyo. Antisizi ni ya ukoo huo wa maarifa. Ni grisi nzito iliyochanganywa na unga laini sana wa madini, kama vile shaba, alumini, nikeli au grafiti, na nyingine hutumia unga wa aina ya kauri usio na chuma ndani yake. Grisi hubeba unga huo na kuuweka kati ya vyuma viwili. Joto likiikausha grisi, unga hubaki na kuendelea kuvitenganisha vyuma visigande.

Hiyo ndiyo tofauti yake na grisi ya kawaida ya bearingi. Grisi ya kawaida ya lithiamu huyeyuka joto linapokaribia nyuzi 180 hadi 200, na diski katika mteremko mrefu huweza kupita hapo kwa urahisi. Ikiyeyuka hutiririka, na itatiririka kuelekea mahali ambapo hatuitaki kabisa: juu ya pedi.

Ni muhimu mnunuzi ajue kwamba jina antisizi hubeba bidhaa zaidi ya moja. Ile ya rangi ya shaba ndiyo inayoonekana mara nyingi. Ile ya kijivu huwa na alumini au nikeli. Ile isiyo na madini ya chuma, ambayo mara nyingi ni nyeupe au ya rangi ya krimu, hufaa zaidi kwa magari yenye mfumo wa kielektroniki wa kuzuia magurudumu kujifunga, kwa sababu unga wa madini ukiingia katika kihisi cha gurudumu unaweza kuvuruga taarifa zake. Tena, shaba ikikaa juu ya alumini mahali penye maji ya chumvi huweza kuchochea alumini iliwe. Kwa hiyo mwenye rimu za alumini na anayeenda pwani mara kwa mara asipake ile ya shaba nyuma ya rimu zake.

Ipakwe wapi

Mahali pa kwanza ni pale diski au dramu inapokalia habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kutu ikijaa hapo, dramu hugoma kutoka na fundi hulazimika kuigonga kwa nyundo, na wakati mwingine huipasua. Kutu hiyohiyo huifanya diski ikae ikiwa imeinama kidogo, na dereva huhisi kanyagio likitetemeka mguuni. Sehemu hii husafishwa kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kisha hupakwa utando mwembamba sana. Rangi ya chuma ionekane kupitia utando huo. Ukiona umepaka kama siagi juu ya mkate, futa.

Mahali pa pili ni katika fremu ya kalipa, pale masikio ya pedi yanapoteleza, na nyuma ya pedi pale pistoni na kalipa zinapoigusa. Hapa grisi maalumu ya breki ya aina ya kauri ndiyo bora, na antisizi isiyo na madini inakubalika. Gari likiwa na vibati vidogo vya kuteleza katika mifereji hiyo, vitolewe, kutu iliyo chini yake ikwanguliwe, ndipo virudishwe. Kupaka grisi juu ya vibati huku kutu ikiendelea kukua chini yake ni kazi ya bure.

Katika dramu, tone dogo huwekwa katika zile sehemu zilizoinuka za bamba la nyuma, na katika nyuzi za skrubu ya kurekebishia. Skrubu ya kutolea upepo katika breki nayo hufaidika kwa kupakwa kidogo katika nyuzi za nje, mbali na ncha yake, kwa kuwa grisi haipaswi kuingia katika mafuta ya breki. Atakayewahi kuvunja skrubu hiyo ikiwa imeganda, akalazimika kununua kalipa nzima, ataelewa kwa nini tunaitaja.

Isipakwe wapi

Sehemu hii isomwe mara mbili, kwani antisizi iliyopakwa mahali pasipo pake ni mbaya kuliko kutu yenyewe.

Haipakwi kamwe juu ya uso wa diski, ndani ya dramu, wala juu ya sehemu ya pedi au kiatu inayosugua. Diski ikilala nje usiku wa mvua, asubuhi huonekana na utando wa kutu ya rangi ya chungwa. Huo si ugonjwa. Breki chache za kwanza huuondoa. Tumesikia hoja kwamba ukipaka mafuta kidogo kutu hiyo haiji. Ni kweli haitakuja, na gari halitasimama. Pedi iliyolowa grisi au oili haisafishiki ikaaminika tena, hivyo hubadilishwa pamoja na mwenzake wa upande wa pili.

Haipakwi juu ya zile pini mbili ambazo kalipa huteleza juu yake. Wengi hushangaa hapa, kwa kuwa pini ndizo zinazoonekana kuhitaji grisi kuliko kitu kingine. Zinaihitaji kweli, ila si hii. Pini hizo zimevikwa raba, na raba za breki huvimba zikikutana na mafuta yatokanayo na petroli, kama yaliyomo katika antisizi nyingi na grisi nyingi za kawaida. Raba ikivimba huibana pini, na kalipa hukwama upya ndani ya miezi michache huku mwenye gari akiamini kwamba ameihudumia. Pini hupakwa grisi ya silikoni iliyoandikwa kwamba ni ya breki. Onyo hilohilo lahusu raba ya pistoni.

Haipakwi katika nyuzi za nati za tairi, isipokuwa kitabu cha gari kimeelekeza hivyo, na watengenezaji wengi hawaelekezi. Nati iliyolainishwa huzunguka kirahisi, na fundi anayeikaza kwa nguvu yake ya kila siku huivuta bolti kupita kiasi bila kujua. Bolti iliyovutwa hivyo huweza kukatika baadaye, gari likiwa katika mwendo. Nyuzi hizo zisafishwe kwa brashi, zikaushwe, zifungwe kavu.

Kuhusu vibadala, hapa tutasema wazi. Ipo desturi ya kupuliza oili chafu au dizeli chini ya gari kabla ya masika ili kuzuia kutu. Katika chesisi desturi hiyo ina watetezi wake, ingawa huchafua udongo na maji tunayokunywa. Katika magurudumu haina utetezi wowote. Oili hupata njia ya kufika katika pedi na viatu. Mafuta ya kupikia nayo, hata yawe ya ufuta wetu mzuri, huganda kwa joto yakawa gundi. Fundi asiye na grisi inayofaa asafishe kutu vizuri, akaushe, na arudishe vifaa vikiwa vikavu. Breki safi isiyopakwa kitu ni salama kuliko breki iliyopakwa kilichopatikana.

Kwa vijana wa bodaboda

Pikipiki nyingi zinazofanya kazi ya abiria hapa zina breki ya dramu nyuma. Ndani yake kuna kamu, kipande cha chuma kinachozungushwa na mkono wa breki na kuvitanua viatu. Kamu hiyo hupita katika tundu la bamba la breki, na tundu hilo ndilo mlango wa maji, matope na yale maji ya samaki. Ikipata kutu huwa nzito. Mwendeshaji hukanyaga, breki hushika, akiachia hairudi mpaka aliinue kanyagio kwa kidole cha mguu. Wengi huanza kulegeza nati ya kurekebishia ili gurudumu lizunguke huru. Tangu hapo pikipiki haina breki ya nyuma, ina mapambo tu.

Dawa yake ni rahisi na haihitaji gereji kubwa. Gurudumu hutolewa, bamba hutolewa, alama huwekwa kwa msumari kuonyesha mkono wa breki ulikaa vipi juu ya kamu, kisha kamu huvutwa. Husuguliwa kwa msasa laini, tundu husafishwa kwa kitambaa, na kamu hupakwa grisi ya breki au antisizi kidogo sana katika sehemu inayozunguka ndani ya tundu, na kiasi cha kuonekana tu katika kile kipini ambacho viatu huegemea upande wa pili. Kinachomwagika hufutwa chote. Nyuzi za fimbo ya breki, pale nati ya kurekebishia inapozunguka, nazo zipakwe. Ekseli ya gurudumu ipakwe katika mwili wake, si katika nyuzi za nati, na siku ya pancha itatoka bila kupigwa nyundo kando ya barabara.

Abebaye samaki au chumvi ana kazi ya ziada. Ndoo ziwekewe karatasi ya nailoni chini, au chombo kisichovuja, na pikipiki ikifika nyumbani gurudumu la nyuma limwagiwe maji matamu ya kutosha kabla ya kulala. Baada ya kuosha, aizungushe uani akibana breki mara kadhaa ili viatu vikauke.

Kazi yenyewe

Kazi ya breki za gari ifanywe na fundi aliyejifunza. Hata hivyo, mwenye gari anayesimama pembeni akitazama anapaswa kujua afanyiwe nini. Gari liwe mahali tambarare na pagumu, magurudumu mengine yakiwa yamezuiwa kwa mawe au magogo. Jeki ni ya kuinulia tu. Gari likishainuliwa liegemezwe juu ya stendi imara, na hakuna mtu anayeingia chini likiwa juu ya jeki peke yake.

Vumbi lililo ndani ya breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Pedi na viatu vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na bidhaa za namna hiyo bado zinaweza kukutwa sokoni. Vumbi lake likivutwa hudhuru mapafu, na madhara huonekana miaka mingi baadaye. Lilowanishwe kwa maji yenye sabuni kidogo, lifutwe kwa kitambaa, na kitambaa kifungwe katika mfuko kabla ya kutupwa. Watoto wanaopenda kuchungulia gereji waondolewe. Kisha ndipo kutu ikwanguliwe, sehemu zikaushwe, na grisi zipakwe kama tulivyoeleza. Kabla gari halijasogea hata hatua moja, dereva akanyage breki mara nyingi mpaka kanyagio liwe gumu, maana pistoni zilizorudishwa nyuma huhitaji kusogea mbele tena. Fundi anayetoa gari gerejini kabla ya hatua hii anaweza kugonga ukuta wake mwenyewe. Nati za tairi zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza.

Kwa magari yetu ya hapa, tunashauri kazi hii ifanyike mara mbili kwa mwaka: mwezi Novemba kabla ya mvua, na mwezi Juni zinapokuwa zimekatika, wakati ambapo magari mengi huingia katika msimu wa kubeba ufuta na hayapaswi kuubeba kwa breki zenye matope ya Aprili. Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Gari likikaa siku nyingi bila kutumika lisiachwe na hendibreki, hasa likiwa limetoka kuoshwa au kuvuka maji. Litiwe gia na lizuiwe kwa jiwe, kwa kuwa viatu vikigandiana na dramu huweza kubandukana kwa kung'oka.

Abiria naye ana haki ya kuuliza

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka chombo kinachotembea barabarani kiwe katika hali nzuri ya kiufundi, na breki ni jambo la kwanza katika hali hiyo. Lakini askari hawezi kuwa nyuma ya kila Noah na kila bodaboda katika barabara ndefu kama yetu. Abiria anaweza kutambua mengi bila kushika spana. Gari likivutwa upande mmoja kila linapofunga breki, liulizwe. Harufu kali ya kitu kinachoungua, inayofanana na ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi, aghalabu hutoka katika breki iliyokwama. Gari linapotulia baada ya safari, dereva apitishe kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa, au adondoshe matone machache ya maji juu ya rimu. Rimu moja ikichemsha maji na nyingine zikiyaacha yatiririke, gurudumu hilo moja lina neno la kusema.

Baada ya kuvuka kijito au dimbwi refu, dereva mwangalifu hukanyaga breki kidogo kidogo akiwa katika mwendo wa taratibu mpaka ahisi zinashika, ndipo huongeza mwendo. Abiria akimwona anafanya hivyo asimharakishe.

Na ikitokea rimu imekuwa moto kiasi cha kutoa moshi, gari lisimame mahali salama, abiria washuke na kukaa mbali nalo, na dereva asimwage maji ya baridi juu ya diski au dramu, kwa kuwa chuma chenye joto kali kikimwagiwa maji ghafla huweza kupasuka. Liachwe lipoe lenyewe, hata kama itachukua saa nzima na samaki wako njiani, kisha gurudumu lifunguliwe na fundi kabla ya safari kuendelea.